Albamu Moja Inatosha

Kila nikimsikilizisha mtu The Postal Service, na akipenda, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Nyingine ziko wapi?" Namjibu kwamba hakuna nyingine. Ni hiyo hiyo moja, *Give Up*, yenye nyimbo 10, iliyotoka Februari 2003. Hapo uso unabadilika, kama mtu aliyeambiwa chapati zimeisha wakati chai ndiyo kwanza imewekwa mezani. Linafuata swali la pili: "Walikosana?" Hapana. "Kuna aliyekufa?" Wote wazima. "Sasa?"

Hilo "sasa?" ndilo lililonifanya niandike.

Tumezoea kudhani kwamba kizuri lazima kiendelee. Mwandishi anazindua riwaya, na kabla hajamaliza kusaini nakala anaulizwa ya pili inatoka lini. Msanii wa Bongo Fleva akikaa miezi sita kimya anaambiwa amefulia. Na hapa tuna watu wawili waliotengeneza albamu iliyopendwa na watu wengi kuliko walivyotegemea, wakaacha hapo, na zaidi ya miaka 20 imepita. Naamini walifanya jambo la maana. Na naliandika hili si kama shabiki tu, maana mwaka jana swali la "ya pili lini?" lilinifikia mimi mwenyewe, likiwa na bajeti ndani yake.

Tuanze na wao. Jimmy Tamborello ni mtengeneza muziki wa elektroniki wa Los Angeles, anayejulikana pia kwa jina la Dntel. Ben Gibbard ni mwimbaji na mtunzi wa Death Cab for Cutie, bendi ya magitaa ya jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Mwaka 2001 Dntel alitoa albamu iitwayo *Life Is Full of Possibilities*, na wimbo wake mmoja, "(This Is) The Dream of Evan and Chan", aliuimba Gibbard. Wimbo ule uliwakolea wenyewe. Wakaona watengeneze nyingine chache pamoja.

Tatizo lilikuwa umbali. Gibbard alikuwa Seattle, Tamborello Los Angeles. Kwa barabara ni kama kilomita 1,800, yaani utoke Dar hadi Mwanza, halafu ugeuze urudi mpaka Dodoma. Kila mmoja alikuwa na shughuli zake, na intaneti ya wakati ule haikuwa ya kutumiana mafaili makubwa ya muziki kama tunavyofanya leo. Basi Tamborello akawa anatengeneza midundo nyumbani kwake, mtaa wa Silver Lake, anaitia kwenye bahasha na kuipeleka posta. Gibbard anapokea, anasikiliza, anakata hapa, anaongeza gitaa pale, anaandika maneno, anaimba, anarudisha kwa posta hiyo hiyo. Jina la bendi likatoka humo humo. Baadaye Jenny Lewis, wa bendi ya Rilo Kiley, akaongeza sauti yake kwenye nyimbo kadhaa, na Jen Wood akaimba kwenye "Nothing Better".

Waswahili tunasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hii iliua. Na ukisikiliza vizuri utaona kwamba umbali ule haukuwa kikwazo walichokivuka. Umo ndani ya muziki wenyewe. Midundo ya Tamborello ni ya mashine, mikavu kidogo, inadundadunda kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Sauti ya Gibbard ni laini, ya mtu anayeongea na nafsi yake chumbani. Vitu viwili hivi havikuchanganywa jikoni pamoja. Unasikia mmoja ameandaa nafasi, akaondoka, mwingine akaingia na kukaa pale alipoachiwa. Bendi zinazofanya mazoezi chumba kimoja hujazana: mpiga ngoma anamsukuma mpiga besi, mwimbaji anapandisha sauti ili asikike. Humu hakuna anayemsukuma mwenzake. Kila mmoja alikuwa na siku kadhaa za kuukaa ule mdundo peke yake kabla ya kujibu. Ni mazungumzo ya barua, na barua ina heshima moja ambayo simu haina: huwezi kumkatiza mwenzako.

Hata nyimbo zenyewe zinazungumzia umbali. Wimbo wa kwanza, "The District Sleeps Alone Tonight", ni wa mtu aliyekwenda Washington, D.C., kumwona waliyewahi kupendana, akajikuta mgeni katika maisha ya mwenzake. "Nothing Better" ni majibizano: mwanamume anabembeleza warudiane, mwanamke anamjibu kwa hoja, moja baada ya nyingine, kwa upole unaouma kuliko matusi. "We Will Become Silhouettes" una mdundo wa kuchekesha kabisa, ungeweza kuupiga kwenye sherehe ya watoto, kumbe unazungumzia watu waliojificha ndani baada ya dunia kuharibika kwa bomu. Furaha iko kwenye mashine, huzuni iko kwenye maneno, na hakuna aliyewalazimisha wakubaliane.

Mimi niliwafikia kwa njia ya kuzunguka. Enzi za chuo, Dar ilijaa zile DVD za filamu nane ndani ya diski moja, ukifungua ya tatu unakuta kichwa cha mtu anayepita kwenda chooni sinema. Humo nikakuta *Garden State*, ya mwaka 2004, na ndani yake wimbo mmoja wa gitaa tupu, umeimbwa karibu kwa kunong'ona. Nikautafuta. Nikagundua kwamba yule mnong'onaji ni Iron & Wine, na kwamba wimbo wenyewe, "Such Great Heights", ni wa watu wengine. Nilipoupata wa awali nilidhani nimepewa faili lisilo lenyewe: haraka, wa mashine, unang'aa kama bati jipya. Nikausikiliza mara ya pili. Mara ya tatu nikawa sitaki tena ule wa gitaa.

Sasa, jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba kwa wote wawili hii ilikuwa kazi ya pembeni. Gibbard alikuwa na bendi yake, na mwaka huo huo wa 2003, mwezi Oktoba, Death Cab for Cutie walitoa *Transatlanticism*, albamu iliyowapaisha. Tamborello alikuwa na Dntel yake. *Give Up* ilikuwa kitu cha kufanya ukishamaliza kazi yenyewe. Hakuna aliyekuwa anaisubiri. Ilitolewa na Sub Pop ya Seattle, lebo ile ile iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana, *Bleach*, mwaka 1989. Haikuja na kishindo. Ilisambaa polepole, kwa watu kuambiana, mpaka ikawa ya pili kwa mauzo katika historia ya lebo hiyo, nyuma ya *Bleach*. Mwaka 2012 ilitunukiwa platinamu, maana yake nakala milioni moja Marekani.

Kazi ya pembeni ina uhuru ambao kazi rasmi haina. Mimi ni mwandishi wa habari. Kazini kwangu kila aya ina mwenyewe: mhariri anataka hivi, msemaji wa wizara kasema vile, ukurasa una nafasi ya maneno 600 na tangazo limekula 200. Nikirudi nyumbani nikaandika kitu ambacho hakuna aliyekiomba, mkono wenyewe unakuwa mwepesi. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa Gibbard. Ndani ya bendi yake alikuwa na wenzake, mashabiki, na sauti ambayo watu walishaizoea. Ndani ya bahasha alikuwa na mdundo wa mtu mwingine na kalamu yake.

Halafu kikatokea kichekesho ambacho ningekitunga mhariri angekifuta. Agosti 2003 Posta ya Marekani, ile ya serikali, iliwaandikia barua: jina mnalotumia ni alama yetu ya biashara, acheni. Fikiria, wateja walionunua stempu zako mpaka wakapata albamu, nawe unawaandikia barua ya kuwatisha! Lakini mwisho wake ulikuwa wa kiungwana. Walikubaliana bendi iendelee na jina, nayo isaidie kuitangaza huduma ya posta. Posta ikaiuza ile CD kwenye tovuti yake, na Novemba 2004 bendi ikaenda kutumbuiza kwenye mkutano wa wakuu wa posta, Washington. Napenda sana kuwawazia wale mabosi wa posta na suti zao, wakiangalia vijana wawili na kompyuta.

Basi tufike kwenye lile "sasa?".

Miaka kadhaa iliyopita mimi na rafiki yangu mmoja wa Mwanza tulitengeneza masimulizi ya sauti. Vipande saba. Yeye aliandika na kusoma habari za wanawake wa mwaloni wanaonunua dagaa usiku. Mimi niliandika na kusoma habari za wanaowauza hao dagaa Dar, upande wa pili wa safari. Yeye alirekodi ndani ya kabati la nguo, mimi chini ya blanketi, saa nane usiku mbwa wa jirani wakishanyamaza. Tulikuwa tunajibizana: ananitumia kipande chake, nakaa nacho wiki, najibu kwa changu. Vipande vya WhatsApp vilikuwa vinabanwa mpaka sauti inasikika kama ya mtu aliye ndani ya debe, kwa hiyo vile vizito alivitia kwenye flashi, akaifunga kwa karatasi na gundi ya nailoni, akaandika namba yangu ya simu, akampa kondakta wa basi. Mimi naenda Ubungo kuipokea. Mara moja ilifika inanuka dagaa, nikamwambia, "Shoga, hii sasa umezidisha uhalisia."

Hatukuwa na mpango wowote nayo. Tuliiweka mtandaoni, tukawaambia marafiki. Ikatembea. Watu wasiotujua wakaanza kutuandikia. Mama mmoja alisema kipande cha tano alikisikiliza sokoni, akafunga genge mapema akaenda kumpigia simu dada yake waliyenuniana miaka mitatu. Huyo peke yake alitosha kuwa malipo.

Mwaka jana shirika moja likatuandikia. Wanataka msimu wa pili. Vipande 12, studio, mhandisi wa sauti, fedha nzuri. Nilizipiga hesabu: kodi ya mwaka mzima, na chenji inabaki. Nikampigia rafiki yangu nikiwa nimeshaanza kucheka. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwaya, mimi nilichokuwa nacho nilishakisema."

Nikamwambia afikirie. Akasema ameshafikiria. Nikamwambia basi tubadilishe mada, twende kwenye mpunga, kwenye pamba. Akacheka, akasema, "We unataka mada au unataka kodi?" Sikumjibu, kwa sababu jibu alikuwa nalo. Shirika nalo likasema, kwa lugha nzuri ya barua pepe, kwamba kama mwenzangu hana nafasi wako tayari nitafute sauti nyingine ya Mwanza.

Wiki ile nilikuwa naisikiliza *Give Up* kwenye daladala kila asubuhi, na nilikuwa naisikiliza vibaya, kama mwanasheria anayetafuta kifungu. Nilitaka inionyeshe kwamba wale walikosea kuacha.

Hoja za upande huo zipo, na sitaki kuzificha. Ya kwanza: ni rahisi kuacha ukiwa na pa kurudi. Gibbard alikuwa na Death Cab. Aliyeacha kazi ya pembeni huku kazi yenyewe inamlipa hajatoa sadaka kubwa. Kijana wa Tandale aliyetengeneza wimbo mmoja mzuri kwenye kompyuta ya kuazima hana anasa ya kusema "inatosha." Hiyo ni kweli, na anayehubiri kuacha bila kuitaja anahubiri akiwa ameshiba. Ya pili: labda ni woga tu. Labda waliogopa kwamba ya pili haitafikia ya kwanza, wakauita woga wao busara.

Lakini hii ya pili haisimami ukiangalia walichofanya. Walijaribu. Walianza kutengeneza nyimbo za albamu nyingine, haikufika mbali. Kila mmoja kazi yake ilimvuta. Mwaka 2013, albamu ilipotimiza miaka 10, waliitoa upya pamoja na nyimbo mbili ambazo hazikuwahi kusikika, "Turn Around" na "A Tattered Line of String". Ni nyimbo nzuri. Nimezisikiliza mara nyingi, na kila mara naona kitu kilekile: hazina barua ndani yake. Ni watu wawili wanaojua jinsi The Postal Service inavyotakiwa kusikika, wanaitengeneza isikike hivyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tembo lenyewe linaweza kuwa bado linanywika, ila aliyelionja la jana anajua.

Kinachonivutia ni kwamba walilionja wenyewe na wakaweka kibuyu chini. Mwaka huo wa 2013 walizunguka na zile nyimbo 10, wakapiga Coachella, wakapiga Barclays Center ya Brooklyn, ukumbi unaoingiza maelfu ya watu, wao ambao walianzia chumbani. Soko lilikuwa wazi mbele yao. Gibbard akawa anasema wazi kwamba albamu nyingine haitakuwepo. Wakarudi tena mwaka 2023, miaka 20, safari hii Death Cab for Cutie wakiipiga *Transatlanticism* yote na The Postal Service wakiipiga *Give Up* yote, usiku mmoja, Gibbard akiimba pande zote mbili. Hawakuikana albamu yao wala kuificha. Waliitunza kama ilivyo, na wakala nayo, bila kuiongezea mkia.

Hapo nikaelewa nilichokuwa nachanganya. Nilidhani rafiki yangu anakataa fedha, au anakataa kazi, au, nikiwa na hasira zaidi, ananikataa mimi. Alikuwa anakataa kuigiza. Vipande vile saba vilitokea kwa sababu mwaka ule yeye alikuwa amerudi Mwanza baada ya kumzika mama yake, mwanamke wa mwaloni, na hakuwa na mahali pa kuweka alichokuwa anakikumbuka. Mimi nilikuwa Dar, simjui mama yake, na nilikuwa na masikio. Huwezi kuagiza tena mwaka kama ule kwa bajeti. Na "sauti nyingine ya Mwanza" ingekuwa sauti nzuri, yenye lafudhi sahihi, ndani ya studio isiyonuka dagaa.

Niliwajibu wale wa shirika kwamba msimu wa pili hautakuwepo, na kwamba nina wazo jingine, la kwangu peke yangu, halihusiani na dagaa, kama watapenda kulisikia. Hawajajibu mpaka leo. Kodi nimelipa kwa nusu, mama mwenye nyumba ananisalimia kwa jina langu lote. Sisemi haya kujisifu. Fedha ile ningeipenda, na siku fulani, mwezi ukiwa na tarehe 26, naipenda bado. Ila vile vipande saba vipo, na watu wapya wanavikuta, na hakuna cha nane kinachowafanya waanze kusema vya mwanzo vilikuwa bora.

Rafiki yangu bado tunaongea. Juzi alinitumia picha ya jikoni kwake, chungu kiko motoni, bila neno hata moja. Nikamjibu kwa picha ya foleni ya Mbezi.

Kama hujawahi kuisikiliza *Give Up*, isikilize kwa mpangilio wake, haizidi dakika 50, na usiruke wimbo wa mwisho, "Natural Anthem". Wengi wanauruka kwa sababu kwa muda mrefu ni mashine tu, zinakwaruza na kukimbizana, na unadhani labda yule mwimbaji ameshaondoka. Kisha, ukishakata tamaa, anaingia, anaimba maneno machache, na albamu inaisha.